Siku Niliyojipaka Nduma Usoni

Picha ndizo zilizonitia aibu. Tulikuwa na kupamba kwa binti ya shangazi yangu, ukumbini Majengo, Mombasa, wanawake peke yao, taa kama mchana, na mimi nilitoka nyumbani nikijiona nimependeza kumpita bibi harusi mwenyewe. Siku ya tatu picha zikaja kwenye simu. Uso wangu ulikuwa wa kijivu, kama wa mtu aliyetoka kupuliza jiko la makaa, na chini yake shingo ile ile ya maji ya kunde niliyozaliwa nayo. Mama alizivuta kwa vidole viwili, akatazama kwa makini, akauliza, "Na huu uso umekuja na nani?"

Poda ile niliinunua Barabara ya Digo, na haikuwa ya kwanza. Droo yangu ilikuwa na vikopo vinne, kila kimoja na kosa lake. Dukani utakuta rangi tatu: ya waliotakata, ya wanaotaka kutakata, na moja nyeusi ti iliyokaa pale miaka bila mnunuzi. Sisi wengine wa katikati tunaambiwa, "Hii itakaa, dada, ngoja tu ikauke." Kununua kikopo cha tano nikaona ni ujinga. Nikaamua nitengeneze yangu.

Kwenye simu nilikuta maelezo mengi, yote yakifanana kama pacha. Chukua unga wa arrowroot, tia kakao mpaka rangi ikufae, tia mdalasini kidogo, changanya, jipake. Dakika tano. Kakao ilikuwa jikoni, mdalasini nao haukosekani nyumba ya Mswahili. Arrowroot je? Kenya nzima tunajua arrowroot ni nduma. Ndivyo ilivyoandikwa kwenye vibandiko vya bei supamaketi, ndivyo tulivyofundishwa shuleni. Asubuhi nikapanda matatu hadi Kongowea, nikanunua nduma kilo 2, nikarudi na furaha zangu.

Mikono ilianza kuniwasha nilipokuwa namenya. Mtu mwenye akili angesimama hapo. Mimi nilijipaka mafuta ya nazi viganjani nikaendelea. Nilizikata nyembamba kama krispi, nikazianika darini siku tatu, nikazisaga kwa blenda, nikachekecha kwa chujio la chai. Ukatoka unga laini wenye rangi ya majivu kidogo. Nikatia kakao, nikatia mdalasini kwa mkono mkunjufu, na kikopo kikanukia keki. Ijumaa mchana, kabla ya kutoka, nikajipaka uso mzima kwa brashi, nikajitazama kiooni. Rangi, Alhamdulillahi, ilikuwa yangu.

Haikufika robo saa. Kwanza mashavu yalinichonyota, kisha yakawaka, kisha ikawa kama mtu amenimwagia upupu. Nikakimbilia bomba, nikajisugua kwa maji, na kusugua kukazidisha. Nyanya alitoka chumbani kwa kelele zangu. Nilipomwambia nimejipaka nini, alinyamaza muda, halafu akasema, "Nduma mbichi? Mbuzi wa mtaa huu hula maboksi na magazeti, lakini nduma mbichi huipita."

Baadaye ndipo nilipoelewa. Nduma ina vijisindano vidogo mno vya kalsiamu oksaleti, visivyoonekana kwa macho, vinavyochoma ngozi na koo. Ndiyo maana huchemshwa hasa kabla ya kuliwa, na ndiyo maana mama zetu humenya wakiwa wamepaka mafuta mikononi. Kuianika na kuisaga hakuviondoi vijisindano hivyo, na mimi nilikuwa nimevitandaza usoni kwa brashi. Mdalasini nao una ukali wake. Kwenye pilau ni baraka, kwenye shavu ni pilipili. Na ile arrowroot ya kwenye maelezo ni mmea mwingine kabisa, Maranta arundinacea, ambao mizizi yake hutolewa wanga mweupe. Nduma ni Colocasia esculenta. Hazina udugu; zinachangia jina la Kiingereza tu, na jina hilo likanigharimu wiki nzima ya kutembea na niqabu, mimi nisiyevaa niqabu.

Kwenye kemisti nilipewa chupa ya kalamini, ile dawa ya waridi tuliyopakwa sote utotoni tukipata tetekuwanga. Nikajilaza kitandani, uso wote wa waridi, sina la kufanya ila kusoma chupa. Ndani yake: oksidi ya zinki, na oksidi ya chuma kidogo. Nikasoma tena. Oksidi ya zinki ni unga mweupe, ule ule ulio kwenye krimu za kupaka watoto wachanga. Oksidi ya chuma ni kutu. Ile rangi ya waridi ya kalamini ni kutu ndani ya unga mweupe. Nikainuka kitandani. Siku tatu nzima nilikuwa natafuta rangi ya ngozi yangu kwenye kabati la chakula, kumbe ngozi inayouma imetulizwa na unga wenye rangi ambao tayari ni nusu ya poda.

Yaliyobaki ni wanga wenyewe. Nilimwendea nyanya jioni, yuko barazani na tasbihi yake.

"Nyanya, kabla ya poda za mikebe, mlijipaka nini?"

"Liwa," akasema, kana kwamba nimemuuliza jua linachomoza wapi.

Liwa naijua. Nyumbani kwetu bado kuna msio, kile kijiwe cha tumbawe kilichochimbika katikati kwa kusuguliwa. Unatia matone ya maji au marashi, unasugua kipande cha mti wa liwa mpaka utoke ujiuji wa manukato, unajipaka, unaacha ukauke. Lakini liwa haijifichi. Mwanamke aliyejipaka liwa unamwona toka mbali, uso una rangi ya mchanga, na hataki uamini kwamba amezaliwa hivyo. Mimi nilikuwa nataka kitu kisichoonekana. Nikamwambia nataka wanga.

"Unataka uwanga?" Akaguna. "Wa mchana au wa usiku?"

Kwa msiojua utani wa wazee wa pwani: uwanga ni uchawi, ule wa wanaotembea uchi makaburini, na uwanga pia ni wanga wa mmea unaoitwa mwanga, unaoota kwenye mchanga wa huku pwani na una kiazi kichungu. Nyanya alimwona mamake akikitengeneza. Hukunwa, huoshwa, hutulizwa, humwagwa maji, huoshwa tena, mara nyingi, mpaka uchungu uishe. "Kitu kikali huoshwa mpaka kisahau," alisema. Nilimtazama. Siku tatu za nduma darini, na jibu lilikuwa limekaa barazani linasoma tasbihi.

Mwanga sikuupata, lakini nyanya alisema muhogo utafanya kazi ile ile. Hapa nitaeleza kwa kirefu maana ndipo penye utamu.

Nilinunua kilo 3 za muhogo mtamu Marikiti, ule ambao siku nyingine ungekuwa wa nazi. Nikamenya, nikaosha, nikakuna kwa greta ya karoti mpaka ncha za vidole zikapoteza alama. Nikautia kwenye beseni la maji, nikauvuruga na kuukamua kwa mikono kama mtu anayekamua tui, kisha nikauchuja kwa kipande cha kanzu kuukuu ya marehemu babu. Maji yalitoka meupe kama tui la kwanza. Nyanya alikuwa juu ya kigoda akisimamia. "Sasa liache beseni," akasema. "Usiliguse." Kuacha ndiko kulikonishinda. Kila nusu saa nilikwenda kuchungulia, na kila mara nilisikia sauti toka barazani: "Nimekuona."

Baada ya alasiri juu kulikuwa na maji ya rangi ya chai iliyopauka. Niliyamwaga polepole, na chini ya beseni kulikuwa na tabaka jeupe. Hilo ni jambo la kuona. Ukilipiga kwa kidole linakataa, gumu kama saruji iliyoanza kushika. Ukitia kidole taratibu linakubali, linakumeza. Ukilikamata kiganjani linakuwa donge, ukifungua mkono linateremka kama uji. Nilikaa chini nikicheza nalo mpaka mama akauliza kama leo kuna chakula cha usiku.

Nikatia maji mapya, nikavuruga, nikaacha, nikamwaga. Mara tatu, mpaka maji ya juu yakawa safi kama ya kunywa. Huku kuosha si kwa weupe tu. Muhogo mbichi una sumu ya sianidi, nyingi zaidi katika ule mchungu, na maji na jua ndivyo vinavyoipunguza. Kisha nikautandaza kwenye sinia, nikafunika kitambaa chepesi kwa sababu ya vumbi na kwa sababu ya kunguru wa Mombasa, ambao hawajui cha mtu. Ilikuwa kaskazi, jua kali, siku mbili zikatosha. Nikapata kama nusu kilo ya wanga mkavu, mweupe pe, ambao ukiusugua baina ya vidole unalia kama kiatu kipya.

Rangi ilinisumbua zaidi. Kakao niliijaribu tena, safari hii bila mdalasini, na ndipo nikagundua kwamba maelezo yale yaliandikwa na mtu asiyetoka jasho. Kakao ina mafuta yake. Ukitoka nje saa sita mchana, ukasimama kwenye foleni ya feri Likoni, jasho likashuka, kakao hugeuka tope: pua hudhurungi, paji la uso madoa. Na usiku sisimizi walipanga mstari kuanzia dirishani hadi kwenye kikopo changu.

Kwa hiyo kutu. Kwa ujinga wangu nilianzia duka la vifaa vya ujenzi, maana oksidi nyekundu ndiyo hii tunayotilia sakafu za saruji. Kijana wa kaunta aliuliza, "Ya sakafu au ya ukuta?" Nikamwambia ya uso. Akamwita mwenzake aje asikie. Walinisaidia lakini, kwa sababu yule mwenzake ndiye aliyesema, "Dada, hii haikusafishwa kwa ajili ya mwili." Alisema kweli. Rangi ya ujenzi inaweza kuwa na risasi na aseniki ndani yake, na mfuko wake haukuambii. Iko oksidi ya chuma iliyotengenezwa mahususi kwa vipodozi, na huja kwa rangi tatu: manjano, nyekundu na nyeusi. Mwanamke mmoja anayetengeneza sabuni Nairobi alinigawia, gramu 50 za kila rangi, zikashuka na basi la usiku.

Kuzichanganya ni kazi ya subira. Mchanganyiko wa kwanza niliufanya usiku chini ya taa, nikalala nimeridhika, asubuhi nilikuwa wa rangi ya chungwa. Tangu hapo nachanganya dirishani saa nne asubuhi, na najaribu kwenye taya, pale uso unapokutana na shingo, kwa sababu shingo ndiyo iliyonisaliti kwenye picha. Yangu mimi iko hivi: vijiko 6 vikubwa vya wanga wa muhogo, vijiko 2 vya kaolini, ule udongo mweupe laini unaonywa mafuta ya ngozi, nusu kijiko kidogo cha oksidi ya zinki, kijiko kimoja kidogo cha manjano, nusu ya hicho nyekundu, na nyeusi kwa ncha ya kisu, tena ncha ya kisu kidogo. Dada yangu, aliye mweusi kunizidi, huongeza nyekundu na nyeusi na kuiacha zinki kabisa.

Zinki ndiyo niliyoielewa mwisho, na ndiyo iliyonifungulia fumbo la ile picha. Unga huu mweupe, pamoja na ndugu yake oksidi ya titani iliyojaa kwenye poda za dukani, hurudisha mwanga. Mchana hilo halina neno. Mpiga picha akifyatua taa, uso unaurudisha mwanga wote na kuwa jivu. Ajabu ni kwamba madini ya hiyo titani yalikuwa yakichimbwa kwenye mchanga wa Kwale, hapo ng'ambo tu, yakipakiwa melini Likoni, mpaka uchimbaji ulipokoma mwishoni mwa 2024. Huenda jivu langu lilipita feri kabla yangu.

Kuchekecha nako usikufanyie mzaha. Chujio la chai halitoshi, utabaki na punje zinazokwaruza. Mimi navuta mtandio wa shifoni kuukuu juu ya bakuli, naufunga kwa mpira, natia unga na kuusugua kwa mgongo wa kijiko. Kinachopita hapo ni laini mpaka hukihisi. Lakini pia huruka. Mara ya kwanza jikoni kulikuwa na ukungu, na mpwa wangu mwenye pumu akaanza kukohoa mlangoni. Sasa navaa barakoa, nafunga mlango, nazima feni, na watoto wote wanapelekwa kwa jirani. Unga wa asili ukiingia mapafuni hauulizi kama ni wa asili.

Hapo niseme neno kuhusu talki, kwa sababu wengi huniuliza kama ndiyo iliyonifanya niache poda za dukani. Hapana, ni rangi. Ila mwaka 2024 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliiweka talki kwenye kundi la vitu ambavyo yaelekea husababisha saratani kwa binadamu, na tangu nilipolisoma hilo sijajuta.

Kopo langu la kwanza zuri niliuharibu uzuri wake kwa mkono wangu. Nilitaka linukie kama bibi harusi, nikalinyunyizia marashi ya waridi, nikachanganya, nikafunika. Ilikuwa Aprili, masika yameanza, hewa yenyewe unaweza kuikamua. Wiki mbili baadaye nilifungua nikakuta mabonge, na juu ya mabonge vidoa vya kijani. Marashi ni maji. Wanga na maji ndani ya kopo lililofungwa, kwenye joto la Mombasa, ni shamba la kuvu. Sasa hakiingii kitu chochote cha majimaji, kijiko ni kikavu, brashi inaoshwa kila wiki na kukaushwa juani, na natengeneza kidogo kidogo, cha mwezi mmoja au miwili. Tarehe naiandika chini ya kopo. Ikibadilika harufu, jaani. Anayetaka manukato ajifukize udi nguoni kama alivyofundishwa na mamake.

Na kila mchanganyiko mpya naupaka kwanza ndani ya kiwiko, nalala nao, nauangalia kesho yake. Baada ya nduma, hata wanga wa muhogo niliosha mwenyewe siuamini kabla haujalala nami usiku mmoja.

Majirani wakaanza kuja. Kwanza kwa kuomba, kisha na hela mkononi. Nimewakatalia hela. Kuuza kipodozi Kenya ni mpaka upitie KEBS, shirika la viwango la Kenya, upate alama ya ubora, na mimi maabara yangu ni beseni na mtandio. Anayetaka namfundisha, aje na muhogo wake. Wawili wamekuja. Mmoja aliuliza kama hatuwezi kutumia unga wa mchele wa dukani tukapumzika kukuna. Tulijaribu, punje zake ni kubwa, zilikwaruza. Akarudi kwenye greta akinung'unika.

Mteja mgumu kuliko wote yuko nyumbani. Nyanya maisha yake yote amejipaka poda ya mkebe shingoni na kifuani baada ya kuoga, nyeupe, mistari mitatu unayoiona toka upande wa pili wa barabara, na huwezi kumwambia kitu. Nilipomaliza kikopo nilichokiona bora kuliko vyote nilimpelekea. Alijipaka shingoni, akaomba kioo, akageuza kichwa kulia, akageuza kushoto.

"Iko wapi?"

"Umeshajipaka, nyanya. Imelingana na ngozi."

"Poda gani hii haionekani? Watu watajuaje kama nimeoga?"

Nikarudi jikoni. Nikachukua wanga mtupu wa muhogo, bila chuma, bila zinki, bila kitu, nikauchekecha mara mbili kwa mtandio na kuujaza kwenye mkebe wake wa zamani niliokuwa nimeuosha na kuukausha juani. Jioni alitoka barazani na mistari yake mitatu, mweupe kama zamani, na kila aliyepita alimsalimu.